Fundi Aliyetumika

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kutafsiri maneno ya wakimbizi mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu, na mkasisitiza yawe na manufaa. Nitajitahidi. Mtu aliyestaafu akipewa nafasi ya kusema huanza na utoto wake. Mimi nitaanza na sahani ya maharage.

Mwenzetu mmoja, Nakato, mzaliwa wa Kawempe, alikuwa akitafsiri maelezo ya mkulima kutoka mashariki ya Kongo. Mkulima alisema waasi waliingia kijijini wakati wa kula. Nakato ni Mganda, na katika kinywa cha Mganda l na r ni ndugu wanaovaa shati moja kwa zamu. Akasikia "wakati wa kura", akamwambia afisa hivyo. Afisa, kijana mwenye bidii, akaketi wima: kumbe hapa kuna siasa! Akataka kujua ilikuwa kura ya nini. Nakato akamgeukia mkulima, akamwita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, hiyo kula yenu ilikuwa ya nini?"

"Ya maharage," akasema mkulima.

Afisa akaandika Maharage kwa herufi kubwa, kisha akauliza kama chama hicho kilikuwa kimesajiliwa.

Kosa liligunduliwa kabla ya mapumziko ya chai, na mkulima akarudi kuwa mkulima. Nakato mwenyewe aliisimulia hadithi hii mara nyingi kuliko sisi sote, akijishika mbavu. Naanza nayo ili mjue kwamba katika kazi hii neno moja linaweza kumpa mtu maisha ambayo hakuyaishi. Mara nyingine mtacheka. Mara nyingine hamtapata nafasi ya kucheka.

Sasa utoto wangu, maana nimeshindwa kujizuia. Nilizaliwa katika kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa konstebo, Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudani, na Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha kuamrisha: simama, kaa chini, toa kitambulisho, mikono juu. Kiswahili kisicho na tafadhali. Hata baada ya vita ya themanini na sita kwisha, ukisema Kiswahili, lugha ya askari, dukani hapa Kampala, mwenye duka aliweka kwanza mikono yake juu ya kaunta, halafu ndipo akauliza unataka nini. Mimi nilitaka sukari tu.

Nikaenda chuo kikuu kusoma sheria, ili nami niogopwe, lakini kwa njia ya heshima. Huko nikapenda somo ambalo halijawahi kumpa mtu gari: sheria ya kimataifa ya vita. Niliipenda ile mikataba ya Geneva jinsi ilivyoandikwa kwa utulivu, utadhani vita ni mchezo ambao kila mchezaji amesomewa kanuni. Niliandika tasnifu nene juu ya ulinzi wa raia, nikiishi kwa kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, chakula pekee cha kijeshi nilichowahi kukionja. Kisha nikafeli mtihani wa uwakili. Nikaurudia, nikafeli kwa utulivu zaidi. Nikaenda Dar es Salaam kukinoa Kiswahili changu, nikarudi nikiwa na tafadhali, samahani na naomba, na bila kazi.

Kibarua changu cha kwanza kilikuwa semina ya askari. Mkufunzi, mgeni mmoja mpole, aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba hata vitani kuna watu ambao sheria inawakinga: raia, majeruhi, mateka. Mimi nikasimama pembeni yake na kutangaza kwa sauti ya redio ya taifa: "Katika vita, kuna watu wanaolindwa."

Sajini mmoja akainua mkono. "Afande, hao watu nalindwa, ni wafungwa ama ni mawaziri?"

Hakuwa na mzaha. Kwake yeye, mtu anayelindwa ni yule mwenye askari mlangoni, na askari akisimama mlangoni kwa mtu ana sababu mbili tu. Mkufunzi akaniuliza jamaa amesema nini. Nikamjibu kwamba ameuliza swali zuri sana. Miaka yote iliyofuata nilitafuta neno bora kuliko lile sikulipata, na baadaye nikaanza kushuku kwamba tatizo halikuwa neno.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Hajati Zamu. Alikuwa mkuu wa wakalimani katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria kwa wakimbizi, kwenye mteremko wa Lubaga, ambako hatimaye niliajiriwa. Alikuwa ametafsiri mahakamani miaka mingi, alitafuna tangawizi mbichi mchana kutwa, na aliniita Profesa. Haikuwa sifa.

"Profesa," aliniambia wiki ya kwanza, "unakaa wapi?"

"Hapa, Hajati. Mbele yake."

"Wewe ni mchumba wake? Kaa pembeni, nyuma kidogo. Amtazame anayemuuliza. Wewe ni sauti, wewe si sura."

Kaeni pembeni, basi. Hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi: msiseme "anasema kwamba". Mtu akisema mimi, nanyi semeni mimi. Mwanamke akisema nilikuwa na mimba, wewe mwanamume mwenye ndevu sema nilikuwa na mimba, na usikohoe. Katika wiki moja niliwahi kuwa mjane, mtawa, askari mtoro na bibi aliyepoteza ng'ombe wake wote. Nikifika nyumbani mke wangu aliniuliza leo nimekuwa nani, na kama huyo mtu anakula wali.

Mtu akilia, nyamazeni. "Machozi hayatafsiriwi," alisema Hajati. "Afisa ana macho." Mtu akikwambia ana baba wawili, omba ruhusa umuulize yupi mkubwa na yupi mdogo, kabla afisa hajaandika kwamba ni mwongo. Wekeni maji mezani. Na Wakongomani msiwasahihishe Kiswahili chao. Wakisema "balikuja" badala ya walikuja, na "njo" badala ya ndiyo, hawajakosea. Ndivyo lugha ilivyo ikifika kwao. Nilipoanza kazi nilijaribu kumsahihisha mama mmoja kutoka Goma. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Metre, wewe ulisoma mingi." Wao humwita wakili Metre. Nilimwacha aniite hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipasisha ule mtihani.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mtu wa Butembo, huko Kongo, akikwambia "ninatumika sokoni", anamaanisha ana kazi sokoni. Kutumika kwao ni kufanya kazi, basi. Kwetu sisi tuliosoma kwingine, kinachotumika ni jembe, ni sabuni, ni mjinga. Mtu anayetumika kwetu ametumiwa na mwingine. Ni neno lilelile, herufi zilezile, na kati ya maana hizo mbili anaweza kupita mtu mzima na familia yake wakapotea.

Paluku alikuwa fundi redio kutoka Butembo. Mrefu, mikono mirefu, kucha safi kuliko za wakili yeyote niliyemfahamu. Waasi walimkamata njiani akitoka sokoni na mfuko wake wa vifaa, wakampeleka msituni awatengenezee redio zao za mkononi. Mkewe, Kahindo, alidhani amekufa. Akakimbia na mtoto wao Neema, msichana mdogo mwenye tundu katika moyo, wakafika Kampala, wakapokewa kama wakimbizi. Kwa sababu ya moyo wa Neema, nchi moja ya mbali yenye baridi ilikubali kuwachukua wote wawili ili mtoto akatibiwe. Walikuwa wakingoja safari. Ndipo Paluku akatoroka, akatembea, akapanda malori, akatokea mlangoni kwao Kawempe. Kahindo aliniambia kwamba alipomwona alimfungia mlango kwanza, kwa hofu kwamba ni mzimu.

Ili asafiri nao, Paluku alihitaji yeye pia akubaliwe kuwa mkimbizi. Alihojiwa, mbali na ofisi yetu, akaulizwa alikuwa akifanya nini msituni. Akajibu kwa lugha ya kwao, "Nilitumika kwa waasi." Mkalimani wa siku hiyo akatafsiri sawasawa kabisa: nilifanya kazi kwa waasi. Akanyimwa. Walisema alikuwa mtu wao, na kwamba redio zake zilisaidia mashambulizi dhidi ya raia.

Ilibaki rufaa, mara moja tu. Rufaa ikishindwa, Kahindo na Neema wangeondoka bila yeye, au wangebaki naye na moyo wa mtoto ungeendelea kuvuja. Hakukuwa na njia ya tatu. Tuliitafuta.

Wakili wetu alikuwa Bi. Nalubega, kijana, mwepesi, mwenye kuamini. Nilipomweleza maana mbili za lile neno aliruka kitini.

"Rajabu! Tumeshinda! Alitumika, yaani walimtumia! Kamusi iko upande wetu!"

Nami nilifurahi, siwafichi. Tasnifu yangu yote ilikuwa imenilalia kichwani miaka ile bila kumfaa mtu, na sasa ilikuwa imepata mtu wa kumfaa. Raia aliyetekwa na kulazimishwa kazi hageuki kuwa mpiganaji. Kinga yake haimtoki kwa sababu mtu amemshikia bunduki. Mlango wa sheria ulikuwa wazi, na kilichotakiwa ni Paluku kuingia kwa kusema "walinitumia".

Tukamwita ofisini kumwandaa. Bi. Nalubega akamweleza yote, mimi nikatafsiri. Paluku alisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza redio yenye kasoro, kichwa kimeinama upande.

"Metre," akaniambia, "jembe njo linatumika hivyo. Mimi si jembe. Mimi nilitumika. Nilifanya kazi."

"Lakini walikulazimisha."

"Balinilazimisha kwenda. Habakunilazimisha kutengeneza muzuri."

Nilitafsiri. Bi. Nalubega aliweka kalamu chini.

Akatueleza polepole. Redio ya kamanda wao ilikuwa imekufa kabisa, na wao hawakujua lolote kuhusu redio. Angeweza kuifunga vilevile na kuwaambia haiponi. Angeweza kuiacha na mkwaruzo. Wasingejua. Lakini alipoifungua aliona mahali ilipoharibika, na mikono ikaanza yenyewe. Hakuwahi maishani mwake kutengeneza kitu vibaya. Hakujua mtu huanzaje. Ilipopona kamanda aliijaribu, akasema, "Safi." Na Paluku, alikiri haya akiwa ametazama chini, alifurahi. Kesho yake wakaingia kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Amri zilipita katika redio ile, na yeye alikuwa amekaa kambini kando ya redio nyingine, akisikia.

"Sauti ilitoka safi," akasema. "Nilisikia mpaka mbuzi. Nilisikia mama mmoja anaita mtoto wake, jina zima, mara mingi."

Hakulia. Alikunywa maji yote ya mezani, akaomba mengine.

Bi. Nalubega alimwambia, kwa upole sana, kwamba sheria haimuulizi mateka kama alikuwa fundi hodari. Nikamtafsiria. Paluku akajibu kwamba anashukuru, sheria ni nzuri, lakini haikuwepo ilipofunguliwa ile redio. Aliyekuwepo ni yeye.

Alipoondoka nilimfuata Hajati Zamu jikoni alikokuwa akimenya tangawizi.

"Hajati, neno lina maana mbili. Nikilitafsiri kwa ile nyingine, si uongo. Kamusi inasema."

"Kamusi itakaa pale mbele?"

"Hapana."

"Nani atakaa?"

"Yeye."

"Basi yeye anajua alisema maana gani. Wewe pia unajua." Akatafuna kipande. "Bambi, Profesa. Unataka kumwokoa mtu kwa kumnyang'anya mdomo."

Hiyo bambi, ya kumhurumia mtu, aliniambia mimi, si Paluku. Nimeifikiria sana.

Kahindo alikuja peke yake asubuhi ya siku iliyofuata, Neema mgongoni ingawa alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kutembea; akitembea midomo ilimgeuka rangi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na siku hiyo alikuwa ameamua kuyatumia yote.

"Metre, mwambie. Yeye anakusikia wewe."

"Nimemwambia, Mama Neema."

"Neno moja! Mi nilikimbia na huyu mtoto, nililala kanisani, nilifua nguo za watu, nilimlilia kama amekufa, na sasa yuko hai, na anashindwa neno moja?" Akamgeuza mtoto, akampakata. "Hao watu ba ng'ambo ya mto, akisema yeye njo alitengeneza, batafufuka?"

Nilimpa mtoto peremende. Watu wazima tuliosoma, tukikosa jibu, humpa mtoto peremende.

Siku ya rufaa walikuwa wajumbe watatu, na mwenyekiti mwanamke mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni. Msidhani alikuwa mkali. Nimeona wakali wengi. Yule alikuwa mwema, na wema wake ndio unaonikaa rohoni hadi leo, kwa sababu alimfungulia Paluku mlango kwa mikono yake mwenyewe. Nilikaa pembeni, nyuma kidogo.

Akamuuliza kama alikwenda kwa hiari yake. Hapana. Kama aliogopa. Ndiyo. Kama angekataa wangemfanya nini.

"Bangeniua," akasema Paluku.

"Wangeniua," nikasema mimi kwa Kiingereza.

Chini ya meza mguu wa Bi. Nalubega ulikuwa ukicheza kwa furaha. Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hiyo tukisoma katika maelezo yako ya kwanza kwamba ulitumika, ulimaanisha kwamba walikutumia. Ni hivyo?"

Nikamtafsiria swali lote, kila kipande. Nilitafsiri polepole kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nikimsubiri.

Paluku alimtazama yule mama, si mimi. "Hapana, mama," akasema. "Nilitumika." Na akarudia yale aliyotuambia, mbele ya wajumbe, na redio, na mbuzi, na jina la mtoto aliyeitwa. Lilikuwa jina la kawaida, la kwao. Sitaliandika.

Nami nikasema, kwa sababu akisema mimi nami husema mimi: Hapana. Nilifanya kazi. Walinilazimisha kwenda, hawakunilazimisha kutengeneza vizuri. Ningeweza kuiharibu. Nilifurahi ilipopona.

Nimesema mengi kwa kinywa hiki kwa niaba ya wengine. Nimesema nilibakwa, nimesema niliua. Maneno yale ya Paluku ndiyo pekee ambayo, nilipoyasema, mjumbe mmoja aliinua macho kunitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyefungua ile redio. Nilitamani kumwambia mimi ni sauti tu. Lakini hiyo nayo ingekuwa kuongeza neno.

Mwenyekiti akavaa miwani yake tena. Aliuliza maswali mengine machache, ya adabu, na sote tulijua.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: alichangia, akijua, kwa ustadi wake. Mpaka leo naamini walikosea. Vitabu vyote nilivyosoma vinasema walikosea, na ningeweza kuwaandikia ninyi kurasa nyingi za kuthibitisha, na mngelala usingizi mzuri. Sheria ilikuwa upande wa Paluku. Yeye ndiye hakuwa upande wake.

Niliwasindikiza wakati wa kuondoka, hadi basi la wasafiri lilipokuwa likiwangoja. Kahindo hakumpa mumewe mkono. Alimvalisha Neema koti la sufu la msaada, kubwa, katika jua la saa sita, mtoto akawa anatoka jasho na kucheka. Paluku alipiga magoti akaufunga ule mkanda wa koti, akaona kifungo kimoja kimelegea, akatoa uzi mfukoni akakishona palepale, huku dereva akipiga honi.

"Papa Neema, acha," akasema Kahindo. "Basi linaenda."

"Kitadondoka."

"Acha kidondoke!"

Hakuacha mpaka kikakaza. Kisha basi likaondoka. Tukasimama pale. Mimi ndiye niliyelia, na ingawa Hajati alikuwa amenikataza kulia kazini, nilijitetea kwamba siku ile sikuwa natafsiri.

Mtaniuliza mbinu zimebadilikaje. Zimebadilika. Siku hizi mkalimani yuko Kampala, afisa yuko kwenye skrini, na mkimbizi anasema maisha yake kwa simu inayokatika. Kuna mashine zinazotafsiri, na nasikia zinajua kula na kura. Ofisi yetu ilifungwa fedha za wafadhili zilipokwisha, Hajati Zamu alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mimi nikastaafu kabla mvi hazijanipa sababu. Bi. Nalubega sasa anashughulikia mikataba ya viwanja. Anasema viwanja havina mdomo.

Paluku yuko hapahapa. Hakurudishwa kwao, hakupewa hadhi, aliachwa tu, jinsi miji mikubwa inavyojua kumwacha mtu. Ana meza ndani ya duka la mwingine karibu na Nakivubo, anatengeneza simu. Watu wanatoka Lubaga na Kawempe kumletea yeye. Moyo wa Neema ulitengenezwa kule, na ulitengenezwa vizuri. Mama yake aliolewa tena. Paluku aliniambia habari hiyo akiwa amebana skrubu midomoni, kwa hiyo sikujua sauti yake ilikuwa vipi.

Juzi hapa alinipigia simu. "Metre, njoo haraka. Mtoto anaongea."

Neema amekuwa mtu mzima. Alikuwa ametafuta namba ya baba yake mwenyewe, bila kumuuliza mama. Lakini Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote isipokuwa jambo na Papa. Alikuwa amesema "Jambo, Papa", kisha akaendelea kwa Kiingereza, na Paluku hana Kiingereza. Nilipofika simu ilikuwa juu ya meza, katikati ya simu zilizopasuliwa, na sauti ya msichana ikitoka humo inangoja. Nikavuta kigoda. Nilikaa pembeni yake, nyuma kidogo.

Nikajitambulisha, nikamwambia aseme. Alisema habari za shule, za theluji, za kovu lake kifuani ambalo rafiki zake wanaona ni la ajabu. Paluku alicheka pale pa kucheka. Kisha msichana akauliza, nami nikauliza kwa mdomo wangu:

"Kwa nini hukuja nasi?"

Nje makondakta walikuwa wakiita abiria. Paluku akaichukua ile simu, akaitazama nyuma na mbele, akairudisha mezani.

"Mwambie nilikuwa na kazi."

"Nilikuwa na kazi," nikamwambia Neema.

"Kazi gani?"

Nikamgeuzia swali. Paluku akafuta mikono yake, ambayo ilikuwa safi, akaisogelea simu.

"Nilikuwa natengeneza redio, mama," akamwambia binti yake. Na akaanza mwanzo kabisa, akisimama mwisho wa kila sentensi kunipa nafasi, kama mtu aliyewahi kutafsiriwa. Nami nikawa nasema baada yake: nilikamatwa njiani, nikitoka sokoni, na mfuko wangu wa vifaa. Nilikuwa fundi. Nilikuwa fundi mzuri.